Koti la Vitanda Vinane

Nimeombwa niandike mstari mmoja tu. Ni wa kueleza kwa nini, katika historia ya udugu wetu, baada ya Kitanda cha Sita sasa anafuata Kitanda cha Nane. Nimejaribu kuuandika, nikashindwa. Kwa hiyo naandika yote, na atakayeyasoma mbele ya watu atachagua mwenyewe pa kukatia.

Mimi si mtu wa kuandika. Chuoni nilikaa mwaka mmoja na miezi kidogo, sikumaliza. Hapa London nimefagia ofisi, nimesukuma wagonjwa kwenye vitanda vya magurudumu, na sasa nahudumia wazee majumbani mwao upande wa Barking, wengine wakiwa wamenizidi umri kidogo tu. Lakini jambo hili nalijua kuliko wenzangu, kwa sababu nililifanya mimi.

Chuo chetu kilikuwa cha ualimu, kule Kivu, juu ya kilima chenye upepo. Bweni la mwisho lilikuwa na vitanda vinane vya chuma. Mwangalizi wa bweni hakujisumbua kujifunza majina yetu. Kila asubuhi alisimama mlangoni akaita vitanda: Kwanza, Pili, Tatu, hadi Nane. Jibu lilikuwa "Yuko!" na si "Niko," kwa sababu siku nyingi aliyejibu hakuwa mwenye kitanda. Mwenye kitanda alikuwa mtoni anafua, au amekwenda kuiba miwa ya mapadri, na jirani yake anamwitikia. Mimi nilikuwa Saba. Mpaka leo hatuitani kwa majina mengine.

Watu hudhani udugu wa wanachuo huanza kwa kiapo na mishumaa. Wetu ulianza kwa koti. Mwanafunzi aliyekwenda kufundisha kwa majaribio katika shule za mjini ilimbidi avae koti. Asipovaa, mkaguzi alimtoa darasani mbele ya watoto. Katika sisi wanane hakuna aliyekuwa nalo. Kitanda cha Kwanza, ambaye alikuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa sauti, akatuchangisha, akaenda sokoni, akarudi na koti la mtumba, jeusi, la mtu fulani mpana na mfupi wa Ulaya. Lilikuwa na vifungo vitatu, viwili vyeusi na cha chini cha kahawia. Ukikifunga hicho cha chini, koti zima lilivutika upande. Tatu, aliyekuwa mrefu kupita wote, akalivaa wa kwanza, na mikono ikaishia karibu na viwiko. Tulicheka hadi mwangalizi akaja.

Kisha tukaweka sheria. Koti ni la vitanda vinane. Linakwenda kwa zamu, wiki moja moja, na mwenye zamu ndiye mlinzi wake. Halitoki nje ya mji mpaka wote wanane wakubali. Atakayelipoteza, kitanda chake hakitaitwa tena.

Udugu wetu ulikuwa wa kwanza pale chuoni. Baada yetu bweni la pili walijiundia udugu wa viatu, na la tatu udugu wa pasi ya makaa. Wale wa pasi tuliwacheka sana, maana mwenye zamu ya pasi hakuwa na nguo ya kupiga pasi.

Habari za baba yangu zilifika asubuhi, wengine wakiwa wamekwenda kuoga. Dereva wa lori ndiye aliyezileta: baba amefariki jana, lori linarudi kijijini sasa hivi. Bwenini tulikuwa mimi na Sita peke yetu. Nilikuwa nimevaa sweta yenye tundu kwenye kiwiko, na sikuwa na nyingine. Sita akafungua sanduku lake, kwa kuwa wiki ile zamu ya koti ilikuwa yake.

"Tuwangoje wengine," nikasema. "Sheria."

"Lori nalo litawangoja?"

"Sita, ukikamatwa..."

"Mtoto wa kwanza hasimami kwenye kaburi la baba yake na sweta ya tundu. Leta mkono. Mwingine. Cha chini usikifunge, kitavutika. Utalirudisha Jumatatu, nani atajua?"

Alinivisha kama unavyomvisha mtoto anayelia. Kweli nilikuwa nalia.

Baba alikuwa katekista. Alifundisha dini maisha yake yote kwa shati, na siku za baridi kwa mashati mawili. Niliposhuka kwenye lori watu wakageuka kuniangalia, na mama mmoja akasema, "Muone, huyo ndiye mtoto wa chuo." Hapa lazima niseme ukweli. Katikati ya kilio kile, na baba yangu amelala ndani, nilinyoosha mabega.

Kwetu mtoto anayesoma anadhaniwa ana kila kitu. Haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba koti lile lingeweza kuwa la watu wanane. Baba mdogo akanijia uani, akanishika kola.

"Kaka yangu hataingia mbinguni kwa shati," akasema. "Weye uko mtu wa chuo, utapata lingine. Vua."

Ningeweza kumwambia, "Si langu." Ni maneno mawili tu. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba huzuni ndiyo iliyonifunga mdomo. Sivyo. Niliona haya kuwa mtu wa koti la kuazima, baada ya kuangaliwa vile. Nikavua, nikampa. Wakamvisha baba, na mikono ikawa mifupi kidogo.

Jumatatu ilikuja ikapita. Sikurudi chuoni. Nilikuwa na mama na wadogo watano, na masomo yangu yaliishia pale pale kaburini. Mara mbili nilianza barua kwa Sita, na mara mbili nikaichana, nikijiambia kwamba Sita ni mwerevu, atapata la kusema. Baadaye vita vikaja, kila mtu akakimbilia upande wake, na koti likawa jambo dogo. Angalau mimi nilitaka liwe dogo.

Nilikuwa London mwaka wa tatu niliposhikwa mkono katika soko la Walthamstow. Nilikuwa nachagua ndizi.

"Saba! Wee Saba! Hata salamu?"

Alikuwa Kitanda cha Kwanza, mwenye mvi, na mfuko wa vitunguu begani. Akanikumbatia mbele ya muuza ndizi mpaka muuza ndizi akauliza kama tunanunua au tunaoana. Akaniambia wako wanne hapa: yeye, Tatu, Nne na Nane. Pili na Tano walikufa kwetu. Kila mwaka, Jumamosi moja ya kiangazi, wanakutana ukumbi wa nyuma ya kanisa. Nije.

Nilikwenda na sufuria ya wali. Kabla ya kula, Kwanza alisimama akaita vitanda, kama mwangalizi. Kwa waliokufa, jirani aliitika: Tatu kwa Pili, Nne kwa Tano. Watoto wao walikuwa wamekaa nyuma wakichezea simu zao.

"Tano!"

"Yuko!" alijibu Nne.

"Saba!"

Sikuitika mara moja. Nilikuwa nangoja Sita aitwe. Tatu akanipiga kiwiko. "Weye umelala?"

"Yuko," nikasema. Kisha nikamnong'oneza, "Na Sita?"

"Hukusikia? Sita alikula koti."

Ndipo Kwanza akatoa karatasi yake, iliyopigwa chapa na kuvikwa plastiki, akasoma historia ya udugu wetu. Bweni, mwangalizi, soko, sheria, udugu wa pasi. Watu wakacheka palepale pa kuchekea. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari huu: "Kitanda cha Sita kilifutwa kwa sababu ya wizi."

Tatu alinieleza yaliyobaki tukiwa tunakula. Walimwuliza Sita koti liko wapi, akasema litarudi, ngojeni. Walimwuliza tena baada ya wiki, akasema vilevile. Kwanza, aliyekuwa na zamu ya kufundisha mbele ya mkaguzi, aliingia darasani na shati, akatolewa, akarudia mwaka mzima. Tatu hakuwa na uchungu tena, alisimulia kama kichekesho. Lakini Kwanza, kwenye kona yake, alikuwa ameacha kutafuna.

"Hamkunifikiria mimi?" nikauliza. "Niliondoka wiki ileile."

"Weye?" Tatu akacheka. "Mtoto wa katekista? Na Sita mwenyewe alisema ulikwenda na sweta yako."

Ningesema siku ile. Nilikuwa na wali mdomoni, nikameza. Nilikwenda mwaka uliofuata, na uliofuata, miaka kumi na mmoja. Kila mwaka nilipika, nikaitika, nikakaa chini ya mstari ule hadi usomwe uishe. Unaweza kuzoea mstari kama unavyozoea jiwe kwenye kiatu, ukatembea nao ukichechemea hata wewe mwenyewe usijue.

Kisha mama mmoja wa kanisani kwetu, akizungumza habari za mtu wa Kivu anayeumwa figo huko Thornton Heath, akataja chuo chetu. Nikaomba anwani. Nilijua kabla hajamaliza.

Aliyefungua mlango alikuwa mke wake, na nyuma yake, kwenye kiti karibu na dirisha, alikuwapo Sita, amekonda, shingo imebaki kama ya kuku. Aliniangalia kitambo.

"Saba," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Nawe je? Umejiona?"

"Mimi nina ugonjwa. Weye una sababu gani?"

Mke wake akanipa ugali na sombe ya majani ya muhogo na vidagaa vya sambaza, akaniita shemeji tangu siku ile. Nilikwenda mara tatu kwa jumla. Alizungumzia yote: mapadri na miwa yao, mwangalizi, mto. Koti hakuligusa. Mara ya pili, mke wake akiwa jikoni, aliniuliza:

"Mnaitana bado?"

"Tunaitana."

"Mkifika Tano?"

"Tunakwenda Saba."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi siku hizi unaingia haraka," akasema, akacheka, kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia aliangalia nje, basi lilikuwa linapita, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei:

"Lilimtosha mzee?"

Alikuwa anajua. Baadaye niliambiwa na mke wake kwamba mwanafunzi mmoja wa upande wa kwetu alimpa habari mwaka wa pili, Sita akiwa ameshafutwa, amehamia bweni jingine.

"Mikono ilikuwa mifupi kidogo," nikasema.

"Lilikuwa fupi kwa kila mtu."

"Sita, nitawaambia. Mkutano ni kiangazi hiki. Nitasimama niwaambie."

"Kuambia nini? Acha. Mambo ya utoto."

Alinifungulia mlango wa kutorokea, kama asubuhi ile alivyonifungulia sanduku. Nami nikapita.

Kiangazi kilifika. Katika treni ya kwenda Walthamstow nilikuwa na maneno yangu tayari. Kwanza aliposoma mstari ule niliinua mkono. Akashusha karatasi. "Saba ana neno," akasema, na wote wakageuka, watoto na wajukuu pia, wakiniangalia kwa heshima, kama pale niliposhuka kwenye lori. Nikauliza funguo za jikoni ziko kwa nani.

Zilikuwa mfukoni mwangu. Watu walicheka sana.

Sita alifariki baridi ilipoanza. Binti yake alinipigia simu, akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake ameondoka na mama ananiita. Nyumba ilikuwa imejaa, viti vimeazimwa kanisani, chai inapita. Mke wake alinivuta ngazini.

"Shemeji, wenzenu watakuja lini?"

"Wenzetu?"

"Alikuwa akisema ana ndugu saba. Kwamba siku yake ikifika watambeba, na jirani yake wa kitanda atamwitikia kaburini. Mimi nimeona mmoja tu. Wako wapi wale wengine?"

Nilimwambia hapo hapo, nimesimama na kikombe. Kwamba walimwita mwizi, kwamba koti nilikuwa nalo mimi. Nilifikiri atapiga kelele.

"Najua habari za koti," akasema. "Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akaniambia kaburi la mzee wa watu halifukuliwi kwa ajili ya nguo. Lakini hakuniambia kwamba weye unakwenda kwao kila mwaka." Alichukua kikombe mkononi mwangu, kama mtu anayeondoa vyombo. "Unakwenda na unakula. Nenda basi ukawalete. Shemeji, nenda leo."

Nikapanda treni hadi Victoria, kisha ile ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa njia. Kwanza alikuwa kwake, anatazama habari. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimevaa kofia yangu: lori, sweta, kola, baba mdogo, maneno mawili. Nikasema Sita amekufa na maiti iko Thornton Heath. Alizima televisheni.

"Amekaa London muda gani?"

"Kunizidi."

"Na weye umemjua muda gani?"

"Tangu majira ya kuchipua."

"Ningekwenda," akasema. Sauti yake, iliyojaza ukumbi kila mwaka, ilikuwa ndogo. "Lisaa limoja na nusu tu kutoka hapa. Ningekwenda nikampigia magoti. Sasa nitampigia magoti nani, Saba? Mimi ndiye niliyeuandika mstari. Kila mwaka niliusoma kwa furaha, unajua hilo? Kwa furaha."

"Najua."

"Mwaka wangu mmoja nilishausamehe. Siku niliyokuona sokoni nilikuwa nimeshausamehe. Ungesema hata kwenye ndizi." Akainuka. "Sheria unaijua."

"Naijua."

"Utamwitikia Sita, kwa kuwa Tano hayupo na jirani mwingine hana. Ukishamwitikia, hatutakuita tena."

Nilisema ni haki. Na ni haki, sisemi kwa kujinyenyekeza.

Siku ya kuzika, mke wa Sita aliomba mimi nimvishe marehemu. Nadhani haikuwa heshima, nadhani alitaka niione kazi ile. Suti ilikuwa ya kijivu, mpya, ya kwake mwenyewe, na ilimpwaya. Nilifunga kifungo cha juu, nikakiacha cha chini. Mkwe wake akanionyesha kwamba kimoja kimesahaulika. Nikamwambia akiache.

Walikuja wote wanne. Kwanza na Tatu walibeba mbele, Nne na Nane nyuma, wazee wenye magoti mabovu, huku vijana wa kampuni ya mazishi wakiwa wameweka mikono chini ya jeneza wasije wakaanguka. Mvua ilikuwa nyembamba. Hawakuniambia nibebe, nami sikuomba. Kaburini Kwanza akamwendea mke wa Sita, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akasema neno ambalo sikulisikia. Mjane alimwacha pale kwa muda kabla ya kumpa mkono wa kumwinua.

Kisha Kwanza akasimama kwenye kichwa cha kaburi, akaita. Kwanza, akajiitikia mwenyewe. Pili, Tatu akaitika. Tatu. Nne. Tano, Nne akaitika.

"Sita!"

Hakikuwa kimeitwa tangu tukiwa vijana. Tatu aliinamisha uso. Nilikuwa nimejiandaa kuitika kwa nguvu, angalau kwa sauti ambayo ingefika mbali, lakini ilitoka kama ya mtu anayeamshwa.

"Yuko," nikasema.

Kwanza akangoja kidogo. Niliona mdomo wake ukitaka kwenda ulikozoea kwenda. Kisha akaruka.

"Nane!"

"Yuko!"

Nilisimama pale nikijisikia ninavyopitwa. Ni kitu cha haraka sana, pumzi moja. Sita alikipata kila asubuhi kwa mwaka mzima, katika bweni lililokuwa ng'ambo ya ua, ambako alisikia kila kitu.

Karatasi mpya wameshaipiga chapa. Mstari wa Sita umetoka, na pamewekwa kwamba alibeba mzigo wa mwenzake. Pa kwangu pameachwa wazi. Kwanza alinitumia kwa posta na kikaratasi: "Andika mwenyewe, weye ndiye unayejua." Mwanzoni niliandika kwamba Kitanda cha Saba kilipoteza koti. Nikafuta, kwa sababu koti halikupotea, najua lilipo, na nikiombwa hata leo sitalitoa pale. Nilichopoteza ni siku ile ya kiangazi, na funguo mfukoni, na Sita akiwa hai, dirishani pake, umbali wa treni mbili.